Skrini Nyeupe: Somo Nililolipata kwa Kutengeneza Aplikesheni ya Darasa

Mwaka wa pili nilikuwa CR wa darasa letu, watu mia na arobaini hivi, na kazi ya CR mnaijua. Mhadhiri anakupigia saa tatu usiku kukwambia kipindi cha kesho kimehamia ukumbi mwingine, na wewe ndiye wa kuhakikisha watu wote hao wanajua kabla ya saa moja asubuhi. Grupu la WhatsApp lilikuwapo, lakini unatuma tangazo saa tatu, ikifika saa tatu na nusu limeshafunikwa na stika, ubishi wa Simba na Yanga, na mtu anayeuza viatu. Asubuhi unaamka na ujumbe ishirini: "CR, leo tuko wapi?"

Nikasema basi, natengeneza aplikesheni. HTML, CSS na JavaScript nilikuwa nazijua vya kutosha. Kotlin sikujua hata mstari mmoja, na Swift ndiyo kabisa, maana Mac yenyewe naionaga kwa watu. Nilikuwa nimesikia kwamba ipo njia ya kuandika mara moja, kwa teknolojia zilezile za tovuti, ukapata aplikesheni ya Android na ya iPhone kwa mpigo. Wiki tatu za kukesha kwenye vimbweta na ilikuwa tayari: ratiba, matangazo, na kengele ya kukumbusha kipindi. Niliipenda sana. Niliipenda hadi nikaandika kwenye grupu kwamba kuanzia Jumatatu matangazo yote rasmi yatakuwa kwenye aplikesheni, grupu libaki la stori.

Wiki ya tatu yake, mhadhiri mmoja aliiwahisha testi kutoka Ijumaa hadi Jumatano. Testi ya alama 15. Niliweka tangazo Jumatatu jioni, kwa maandishi mekundu, likae juu kabisa. Jumatano tukafanya testi. Alhamisi mwenzetu mmoja akanikuta kwenye ngazi za maktaba. Hakuwa na hasira, na nadhani hicho ndicho kilichoniumiza.

"CR, eti testi imeshafanyika?"

"Ilikuwa jana, dada. Hukuona tangazo?"

"Nimeifungua aplikesheni yako Jumatatu, nikaifungua tena Jumanne. Nyeupe tu. Nikajua hakuna tangazo."

Akanipa simu yake, simu ya zamani aliyoachiwa na kaka yake, kioo kimepasuka kwenye kona. Nikabonyeza alama ya aplikesheni yangu. Jina likatokea, halafu skrini ikawa nyeupe. Nikasubiri. Ikabaki nyeupe.

Makala hii ni juu ya huo weupe. Kama unasoma kompyuta, au husomi kompyuta lakini una wazo la aplikesheni na marafiki wanakwambia "tumia JavaScript, ni rahisi, inafanya kazi kila mahali", naomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kukesha.

Ndani ya boksi kuna nini

Wengi wetu tunadhani ukitumia zana kama Cordova au Capacitor, JavaScript yako inageuzwa kuwa Java au Swift. Haigeuzwi. Chukua folda ya tovuti ya kawaida: index.html, mafaili ya CSS, mafaili ya JavaScript, picha. Folda hiyo inafungashwa vilevile ilivyo ndani ya aplikesheni halisi ya Android ambayo msimbo wake wa upande wa simu ni mfupi sana. Kazi yake kubwa ni moja, kufungua dirisha la kivinjari lisilo na sehemu ya kuandika anwani, kulitandaza skrini nzima, na kulipa ile index.html. Dirisha hilo kwa Android linaitwa WebView. Kwa iPhone ndugu yake ni WKWebView, aliyekuja na iOS 8 mwaka 2014.

Kwa hiyo mtumiaji anapobonyeza alama ya aplikesheni yako, anachofungua ni tovuti iliyomo ndani ya simu yake mwenyewe. Hilo lina raha yake. Mafaili yapo ndani, hayashushwi kutoka kwenye seva, kwa hiyo aplikesheni inafunguka hata bando likiwa limekata. Kinachohitaji intaneti ni ratiba na matangazo mapya tu, na hayo kwa darasa letu yalikuwa maandishi ya KB chache. Ukiona mtu ameweka kwenye mipangilio anwani ya tovuti yake iliyo mtandaoni ili WebView iende kuifungua huko kila mara, jua ameitupa faida kubwa kuliko zote. Capacitor inayo sehemu hiyo ya kuweka anwani, lakini imewekwa kwa ajili ya majaribio ukiwa unaandika msimbo, si kwa ajili ya kumpelekea mtumiaji.

Ukiwa ndani ya WebView, JavaScript haiwezi kugusa simu zaidi ya yale ambayo kivinjari kinaruhusu. Ndiyo maana panajengwa daraja. JavaScript inaandika ujumbe, tuseme: naomba arifa kesho saa moja na nusu asubuhi, maneno yake ni haya. Ujumbe unavuka ng'ambo, kipande cha Java au Kotlin kinaupokea, kinapanga arifa kwenye simu, kinarudisha jibu. Kipande hicho cha ng'ambo ndicho tunachokiita plagini. Kila kitu ambacho kivinjari hakina, utakitafutia plagini, na usipoipata utaiandika mwenyewe. Hapo Kotlin uliyoikimbia inakukuta mlangoni.

Daraja hilo si la bure. Nilikuwa nimeweka kitufe cha kupiga picha ubao wa matangazo wa idara. Picha ilikuwa inavushwa kama maandishi, kwa mtindo wa Base64, ambao huongeza ukubwa wa data kwa kama theluthi moja. Picha ya MB 4 inakuwa zaidi ya MB 5 za herufi, zote zikipita darajani kwa pamoja. Simu yangu ilivumilia. Simu za wengine zikaganda. Dawa yake ni ndogo mno: unaiambia plagini ya kamera ikuletee njia ya faili badala ya picha yenyewe, halafu unaionyesha kutoka hapohapo ilipo. Neno moja kwenye mipangilio. Nililipata baada ya siku nne.

Hili wazo ni la zamani

Tusijione wa kwanza. Steve Jobs alipotangaza mwaka 2007 jinsi watu wa nje watakavyotengeneza aplikesheni za iPhone, njia aliyowapa ilikuwa ni tovuti ndani ya Safari. App Store ilikuja mwaka uliofuata, Julai 2008. Mwaka huohuo wa 2008 vijana wa kampuni ya Nitobi ya Vancouver, Kanada, walianzisha PhoneGap, wazo lilelile la kuweka tovuti ndani ya aplikesheni na kuijengea daraja. Adobe iliinunua Nitobi mwaka 2011, msimbo ukakabidhiwa kwa Apache na kuitwa Cordova. Waanzilishi wa PhoneGap walikuwa wakisema lengo lao ni ifike siku chombo chao kisihitajike tena, yaani vivinjari vyenyewe viwe na uwezo wote. Adobe iliifunga PhoneGap mwaka 2020, na vivinjari bado havina uwezo wote. Wengi sasa wamehamia Capacitor, iliyotengenezwa na watu wa Ionic, ikafika toleo la 1.0 mwaka 2019. Ndiyo niliyoitumia mimi.

Njia hii pia ina historia ya kuaibisha wakubwa. Mwaka 2012 Mark Zuckerberg alisema hadharani kwamba kuegemea mno HTML5 kwenye simu lilikuwa kosa kubwa la kampuni yake. Miaka mitatu baadaye Facebook hiyohiyo ikatoa React Native, ambayo nayo unaiandika kwa JavaScript, lakini haitumii WebView kuonyesha skrini. Inaagiza vitufe na orodha halisi za simu. Flutter ya Google ina njia ya tatu: unaandika kwa Dart, na inachora kila kitu yenyewe kwa injini yake. Watu wanabishana usiku kucha ipi bora. Mimi naona ukishajua nani anayechora skrini, ubishi mwingi unaisha. Kwenye Flutter, mchoraji unambeba ndani ya aplikesheni yako. Kwenye Capacitor, mchoraji ni WebView ya simu ya mtu mwingine.

Rudi hapo. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mahali mara nyingi kabla ya ile testi, na sikuielewa.

Nukta moja

Usiku ule wa Alhamisi nilimwomba yule dada aniachie simu yake hadi asubuhi. Nikaichomeka kwenye laptopu kwa waya wa USB, nikawasha hali ya watengenezaji kwenye simu, na kwenye Chrome ya laptopu nikafungua chrome://inspect. Hii anwani ishike. Inakuonyesha kinachoendelea ndani ya WebView ya simu iliyochomekwa, makosa yote, kana kwamba ni ukurasa wa kwenye kompyuta. Kulikuwa na kosa moja tu, mstari mmoja mwekundu: kosa la sintaksia, na ishara isiyotarajiwa ilikuwa nukta.

Nukta yenyewe ilikuwa kwenye msimbo wa aina hii:

tangazo?.kozi?.jina

Alama ya kuuliza na nukta. Maana yake: kama tangazo lipo, nipe kozi yake, na kama kozi ipo, nipe jina, vinginevyo acha bila kelele. Ni tamu kuandika, inakuokoa na masharti marefu. Iliingia rasmi kwenye JavaScript na toleo la mwaka 2020, na Chrome iliielewa kuanzia toleo la 80, Februari mwaka huohuo. Simu ya yule dada ilikuwa Android 6, na WebView yake ilikuwa toleo la 74. Ilipofika kwenye alama ya kuuliza ikadhani ni sharti la kawaida, ikategemea thamani, ikakutana na nukta. Haikuelewa, ikaacha.

Sasa, kwa nini mstari mmoja uue aplikesheni nzima? Nilidhani kingeharibika kile kipande cha matangazo tu. Kumbe injini ya JavaScript inasoma sintaksia ya faili kabla ya kuanza kulitekeleza. Kosa la aina nyingine, kwa mfano kuita kitu ambacho hakipo, hutokea pale unapofika. Kosa la sintaksia ni tofauti: faili zima linakataliwa, hautekelezwi hata mstari wa kwanza. Na zana za siku hizi hukusanya msimbo wako wote kwenye faili moja au mawili. Ukurasa wa HTML wenyewe ulikuwa na kisanduku kimoja kitupu ambacho JavaScript ilitakiwa kuja kukijaza. JavaScript haikuja. Kisanduku kitupu kwenye ukurasa mweupe, huo ndio weupe.

Swali la pili lilinisumbua zaidi. Nilikuwa nimeijaribu, aisee. Niliijaribu mara mia. Ila nilijaribu wapi? Kwenye Chrome ya laptopu yangu, nikibonyeza kile kitufe cha kuonyesha ukurasa kwa umbo la simu. Kitufe kile hubadilisha umbo la skrini, hakibadilishi injini. Ni Chrome ileile mpya, imevaa nguo ya simu ndogo. Halafu nikajaribu kwenye simu yangu, ambayo niliinunua kwa bumu la mwaka wa kwanza na inajisasisha kila nikipata Wi-Fi ya maktaba. Halafu kwenye simu ya rumeti, mpya kuliko yangu.

Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, WebView imetengwa na mfumo wa simu na husasishwa kama aplikesheni nyingine yoyote kupitia Play Store. Vitabu hulisema hili kama habari njema, na kweli ni njema: simu ya zamani inaweza kuwa na WebView ya karibuni. Inaweza. Simu ya yule dada ilikuwa na GB 8 za hifadhi, zote zimejaa picha za kitini na sauti za WhatsApp, na alikuwa amezima masasisho yote kwa sababu sasisho moja la namna hiyo ni makumi ya MB, na makumi ya MB ni bando la siku. Nani amlaumu? Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa nazima.

Ijumaa nilipita darasani kabla ya kipindi, kiti kwa kiti, nikiomba watu wafungue mipangilio wanitajie toleo la WebView. Ilikuwa aibu kidogo, CR anakagua simu za watu kama mwalimu wa zamu. Waliokuwa chini ya toleo la 80 walikuwa saba. Watu saba kati ya 140 kwa wiki mbili na ushee walikuwa wakifungua aplikesheni na kuambiwa kwa weupe kwamba hakuna tangazo. Wengine sita walikuwa wanauliza wenzao, hawakuona haja ya kunisumbua. Mmoja aliiamini aplikesheni yangu.

Nilichobadilisha

Kwanza kabisa nilirudisha matangazo kwenye grupu la WhatsApp. Hilo si la kiufundi, lakini ndilo lilipaswa kutangulia. Aplikesheni mpya iwe mlango wa pili mpaka ithibitike. Usimfungie mtu mlango anaoujua.

Pili, nikashughulikia sintaksia. Nilikuwa natumia Vite kukusanya msimbo, na mpangilio wake wa kawaida kwa toleo nililokuwa nalo ulilenga vivinjari vya kuanzia Chrome 87. Sikuwahi kuuchagua mpangilio huo, nilikuta umechaguliwa. Kwenye faili la mipangilio unaongeza mstari mmoja chini ya build:

target: 'es2015'

Ukishafanya hivyo, ile alama ya kuuliza na nukta hubadilishwa kuwa masharti marefu ya zamani wakati wa kukusanya. Wewe unaendelea kuandika kwa raha, simu ya zamani inapata inachokielewa. Baada ya hapo:

npm run build
npx cap sync

Amri ya pili hunakili folda mpya kuipeleka ndani ya mradi wa Android. Ukiisahau, utakaa nusu saa ukijiuliza kwa nini marekebisho yako hayaonekani. Nasema kwa uzoefu.

Tahadhari hapa: mstari ule unatafsiri sintaksia tu. Hauongezi kazi ambazo injini ya zamani haina. Nilikuwa nimetumia replaceAll kusafisha majina ya kozi, na hiyo Chrome ilianza kuwa nayo toleo la 85. Baada ya kurekebisha sintaksia aplikesheni ilifunguka, ratiba ikaonekana, nikaruka kwa furaha, halafu nilipobonyeza matangazo ikakwama. Kwa kazi za namna hii unahitaji kujazia kwa msimbo wa ziada, au uandike kwa njia ya zamani. Mimi niliandika kwa njia ya zamani, ilikuwa sehemu mbili tu. CSS nayo ina yake. Nilitenganisha vikadi vya vipindi kwa gap ndani ya flex, kitu ambacho Chrome ilianza kukifuata toleo la 84. Kwenye simu ile vikadi vilikuwa vimegandana kama maandazi yaliyowekwa mfukoni. Nikarudi kwenye margin.

Tatu, na hili ndilo ningekusihi ulifanye leo hata kama hufanyi mengine: weka maneno ndani ya kile kisanduku kitupu. HTML tupu, bila JavaScript. Mimi niliandika: "Kama maneno haya hayaondoki ndani ya sekunde kumi, aplikesheni imeshindwa kufanya kazi kwenye simu yako. Usiitegemee. Angalia matangazo kwenye grupu." JavaScript ikiamka, inayafuta na kuweka ratiba. Isipoamka, yanabaki. Sentensi tatu. Zingekuwepo Jumatatu ile, mtu asingekosa testi. Capacitor pia ina sehemu ya kutaja toleo la chini kabisa la WebView unalolikubali na ukurasa wa kumwonyesha mwenye toleo la chini ya hapo, nayo niliiweka, lakini yale maneno ndani ya HTML ndiyo ninayoyaamini zaidi kwa sababu hayategemei kitu.

Kuna mengine nitayapitia haraka. Usiweke kitu cha thamani kwenye localStorage ukadhani kipo salama: nafasi yake ni kama MB 5, na iPhone ikiishiwa hifadhi inaweza kuifuta. Nakala ya ratiba iweke kwa plagini ya hifadhi. Android 13 na kuendelea, arifa hazitoki mpaka mtumiaji akubali, kwa hiyo omba ruhusa pale anapowasha kengele, si sekunde ya kwanza anapofungua. Kitufe cha kurudi nyuma cha Android kishughulikie mwenyewe, la sivyo mtu akiwa ndani ya tangazo akibonyeza anatupwa nje ya aplikesheni. Na seva yako ikikataa maombi kutoka kwenye aplikesheni wakati kwenye kivinjari yanapita, angalia asili ya ombi. WebView inajitambulisha kama localhost, na seva lazima iambiwe kuikubali.

Na iPhone je?

Hapa ndipo ule msemo wa kuandika mara moja unakutana na mfuko wa mwanafunzi. Msimbo ndio uleule, kweli. Lakini kuukusanya kwa ajili ya iPhone unahitaji Xcode, na Xcode inakaa kwenye Mac tu. Akaunti ya Apple ya mtengenezaji ni dola 99 kila mwaka. Google Play ni dola 25 mara moja, ila akaunti mpya za watu binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 2023 zinadaiwa kwanza kuwa na watu 12 wa kujaribu kwa siku 14 mfululizo. Ilianza na 20, ikapunguzwa. Kwa mwanachuo hilo si tatizo, darasa unalo. Na Apple wanakataa aplikesheni ambayo ni tovuti tu iliyofungashwa, kwa hiyo hata dola zikiwepo, hakikisha kuna kitu inafanya zaidi ya tovuti.

Darasani kwetu wenye iPhone walikuwa tisa. Sikuwa na Mac wala dola 99, kwa hiyo niliwapa folda ileile kama tovuti inayosakinika, zile zinazoitwa PWA. Wanaifungua kwenye Safari, wanaiongeza kwenye skrini ya mwanzo, inakaa pale na alama yake kama aplikesheni nyingine. Msimbo mdogo uitwao service worker unatunza mafaili ndani ya simu ili ifunguke bila mtandao. Tangu iOS 16.4 ya mwaka 2023, tovuti iliyoongezwa hivyo inaweza hata kupokea arifa kutoka kwenye seva. Kusema ukweli, ningeanza upya leo kwa kazi ndogo kama ile, ningeanza na PWA kwa wote, ningetafuta Capacitor pale tu ninapokosa kitu. Mimi nilianza na Capacitor kwa sababu nilitaka faili la APK la kuwarushia watu na kusema "nimetengeneza aplikesheni". Sifa tu, hakuna sababu nyingine. Na lile APK nililowarushia kwa WhatsApp halijisasishi, kwa hiyo baada ya marekebisho yote nilianza kuwafuata watu mmojammoja waweke jipya.

Kuhusu testi, nilikwenda kwa mhadhiri na yule dada. Nikaeleza yote, WebView, toleo la 74, nukta. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Nani aliamua tangazo lisiwekwe kwenye grupu?" Nikasema ni mimi. Akasema testi haitarudiwa, kwa sababu aliwahi kukataa kuirudia kwa wengine. Yule dada aliingia UE akiwa na alama 17 kati ya 40. Wiki mbili za mwisho nilikaa naye maktaba kila jioni kwenye somo lile, na alilivuka kwa C, bila sapu. Ni somo ambalo alikuwa na uwezo wa kupata A. Hajawahi kunitajia, na mimi simkumbushi.

Mwaka wa tatu alipopata simu nyingine nilimwomba aniuzie ile ya zamani. Alitaka kunipa bure, nikakataa, tukaelewana elfu thelathini. Ipo kwenye droo ya meza yangu hosteli, kioo chake bado kimepasuka, masasisho yamezimwa, hifadhi imejaa kama alivyoiacha. CR wa sasa wa mwaka wa pili ameniomba aplikesheni waitumie darasani kwao, na juzi nilimaliza toleo jipya lenye ramani ya kumbi. Nikaliweka kwenye ile simu. Ratiba imefunguka, matangazo yamefunguka, ramani imebaki nyeupe. Nimemwambia asubiri.